Disko matanga, lovego na msalaba wa guga: jibu kwa binti wa Kangemi

Swali limetoka kwa dada wa miaka 24, amezaliwa Kangemi, Nairobi, na akakulia hapo hapo, kwao ni Maragoli, kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya. Nalifupisha lakini maneno ni yake (guga ni babu, na lovego ni kile kikao cha ukoo baada ya kuzika, nitakieleza mbele):

"Habari yako mwalimu. Guga wetu alifariki tukaenda kumzika nyumbani, ndani ndani huko karibu na Chavakali. Usiku wa kuamkia mazishi mabinamu zangu walileta spika na dijei, ikapigwa muziki mpaka asubuhi, kesho yake mchungaji akawaka, wazee nao wakasema vijana wameharibu mila. Mimi nilipewa kusoma historia ya marehemu, nikaisoma kwa Kiingereza, nikasikia shangazi mmoja ananong'ona 'huyu naye ni wa nani?' Siku ya lovego nilikaa pale nikatoka bila kuelewa kitu. Sasa nauliza, disko matanga ni mila yetu ama si mila? Mtu asiyejua Kimaragoli bado ni Mmaragoli? Halafu kaburi linajengewa mwezi ujao na baba amesema mimi ndio niandike maneno ya msalaba, niandike kwa lugha gani?"

Pole sana mwanangu kwa kumpoteza guga. Nitajibu yote lakini si kwa huo mpangilio wako, kwa sababu nikianza na disko nitakasirika, na nikikasirika naandika vibaya.

Wacha nianze na huyo shangazi. Wewe ulisikia tusi. Na inawezekana kweli kulikuwa na katusi ndani, mashangazi wetu nawajua, lakini "ni wa nani" kwetu ni swali la kwanza kabisa ambalo mtu yeyote anaulizwa akiingia boma la watu, hata kabla apewe kiti. Linataka jibu la ukoo. Kuna koo nyingi Maragoli lakini zile kubwa wazee wanazozianzia ni nne, Mavi, Kirima, Kizungu na Saali (na hiyo Kizungu haina uhusiano wowote na wazungu, nasema mapema kwa sababu watoto wa Nairobi huwa wanacheka hapo). Wote hesabu yao inarudi kwa Mulogooli, ndio maana sisi wenyewe tunajiita Valogooli na lugha tunaiita Lulogooli, hili neno Maragoli ndilo limezoeleka serikalini na kwa majirani. Kwa hivyo ungegeuka tu ukamwambia shangazi mimi ni wa fulani mwana wa fulani, wa ukoo fulani, hata kwa Kiswahili, hata kwa Sheng, angekushika mkono. Swali lako la pili karibu limejibika hapo. Umaragoli unaanza na kujua ni wa nani, lugha inakuja nyuma yake, lakini usifurahi haraka, ngoja tufike huko.

Sasa hiyo historia ya marehemu. Najua vile ilikuwa hata bila kuambiwa. Ile programu ya karatasi ya kung'aa yenye picha ya guga akiwa na koti, imepigwa chapa Nairobi, mpangilio wote Kiingereza, na wewe umepewa maikrofoni kwa sababu umesoma. Viti vya mbele chini ya hema wamekaa wazee wenzake, wale walichunga naye ng'ombe, na guku yako, yaani nyanya yako, kwa ile kochi iliyotolewa nje ya nyumba. Unasoma alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaokoka, amewacha watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Na guku, mwenye huyo marehemu, anakuangalia mdomo.

Sikulaumu, mimi mwenyewe nimefanya vibaya zaidi. Nilipokuwa kijana ndio nimetoka chuo cha ualimu nilisoma historia ya babangu mdogo kwa Kiswahili cha vitabu, kile cha "marehemu aliaga dunia akiwa na umri wa", nikajiona msomi, halafu mama mmoja mzee akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwa Kimaragoli, "anasema nini huyo?" Na mwingine akamjibu "anasema amekufa." Watu wakacheka matangani. Lakini fikiria, hiyo ndiyo ilikuwa tafsiri ya dakika kumi zangu zote.

Hapa nikupe kitu kidogo cha lugha kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kwa Kimaragoli "kufa" ni kukuza. Mtu akishakufa tunasema yakuza. Sasa kuna siku nilialikwa kikao cha kujadili lugha, ukumbi umejaa, na kwa ukuta wamebandika bango kubwa la kitambaa limeandikwa KUKUZA LUGHA YETU. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu akalisoma taratibu, herufi kwa herufi, akaniuliza, "Kwa hivyo tumekuja mazishi?" Nimeirudia hiyo hadithi mara nyingi sana kwa sababu kila nikiona bango la aina hiyo nasikia ile sauti yake.

Na angalia hilo neno vizuri. Majirani zetu Waisukha wanasema yakhutsa, sisi yakuza. Wao kuku ni ingokho, sisi ingoko. Wao mwanamume ni musatsa, sisi musaza. Ile kh ya kukwaruza koo ambayo wachekeshaji wa Nairobi wanaitumia kila wakitaka kuiga Mluhya, sisi hatuna! Yaani unachekwa kwa lafudhi ambayo si hata ya kwenu. Ukisikiliza sana utaona kuna mahali Kimaragoli kinaegemea Kikisii kuliko kinavyoegemea Kibukusu, na wazee wa pande zote mbili wana masimulizi kwamba Mulogooli na Mogusii walikuwa ndugu wakaachana njiani.

Hii inanileta kwa jambo ambalo hukuliuliza lakini limo ndani ya swali lako, hiki kiburi cha lugha kimetoka wapi. Kwekas, wale wamishonari wa kanisa la Friends, walifika Kaimosi mwaka wa 1902, hapo ni kwa Watiriki, lakini haikuchukua muda wakawa na kituo Vihiga, na mmishonari mmoja aliyekaa hapo, Emory Rees, akaingia kwa kazi ya kutafsiri maandiko kwa Kimaragoli akisaidiwa na wenyeji. Biblia nzima ikatoka 1951. Sasa katikati ya hapo, miaka ya 1940, kukatokea mpango wa kuunganisha lugha zote za Waluhya ziandikwe kwa namna moja, Kiluhya kimoja cha shule na vitabu, ndiyo miaka hiyo hiyo hata jina lenyewe la Abaluyia lilikuwa linatafuta nguvu. Mpango mzuri kwa karatasi. Wamaragoli wakakataa, na hawakuwa peke yao, Wabukusu pia walikataa. Kwetu sababu moja ilikuwa wazi tu, watu walishazoea kusoma na kuimba na kuomba kwa maneno yao, na huwezi kumwambia mtu aanze kuomba kwa tahajia ya jirani. Kwa hivyo wale vijana wanaobishana siku hizi kama Wamaragoli ni Waluhya ama si Waluhya wajue wamekuta ubishi una zaidi ya miaka 80. Mimi jibu langu ni kwamba ni Waluhya siku ya kura na siku AFC Leopards inacheza mpira, siku ya mazishi ni Wamaragoli.

Basi, disko.

Wazee wakikuambia kwamba matanga ya zamani yalikuwa ya utulivu na heshima na vijana wameleta kelele, hapo wanakumbuka matanga ya kanisa, si ya mababu. Kabla ya kanisa kifo cha mzee Maragoli kilikuwa na makelele ya kutosha. Ng'ombe walikuwa wanakimbizwa, wanaume wakiwa na mikuki na majani wakielekea kule mbugani ambako marehemu alipigania enzi zake, ngoma, nyimbo za usiku kucha, kuigiza vita. Kuna Mjerumani mmoja anaitwa Günter Wagner alikaa huku Maragoli na kwa Wabukusu miaka ya 1930 akaandika haya mambo akiyaona na macho, wakati tayari yalikuwa yanaanza kufifia. Majirani wetu Waisukha na Waidakho walishikilia zaidi, bado utaona fahali anatembezwa na umati matangani, na ngoma yao ya isukuti UNESCO iliiandikisha mwaka wa 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Na nani alikuwa anakimbia na hao ng'ombe? Si wazee. Vijana. Mzee wa miaka 70 hakimbizi ng'ombe.

Yaani kijana alikuwa na kazi kwa matanga. Kazi ya mwili na kazi ya sauti, halafu alikuwa anakesha kwa sababu moto ulihitaji mtu na wafiwa walihitaji watu, na kwa huo moto ndio alisikia majina ya babu zake yakitajwa.

Kisha kanisa likaja. Kwekas wa mwanzo walikuwa hawataki ngoma, hawataki pombe, hawataki kuchezacheza mbele ya maiti. Mimi ni mtoto wa hilo kanisa na sitalitukana, limenisomesha, lakini hesabu ni hesabu: liliondoa kazi ya vijana matangani na badala yake likaleta kwaya, na kwaya inachukua wachache. (Makanisa yaliyokuja baadaye yalilegeza, Salvation Army na ngoma yao, na yale makanisa ya kanzu nyeupe yanayotembea barabarani Jumapili na bendera, hayo ukitaka kujua kwa nini yalipendwa jibu liko kwa ngoma.) Kwa hivyo kijana wa kawaida asiyeimba kwaya akabaki na kazi gani? Kubeba viti. Kuchimba kaburi usiku. Kukata kuni. Akimaliza hapo aketi nyuma akiangalia watu wazima wakihutubu.

Disko imeingia kwa hilo pengo. Ndiyo maana nakuambia si mila na pia si kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Hata jina lenyewe, matanga, ni neno la Kiswahili la siku za maombolezo, na disko matanga si za huku magharibi peke yake, nenda Kilifi utazikuta.

Sasa ngoja nikuambie vile inafanya kazi kwa sababu nadhani ulikuwa umelala kwa nyumba na wageni wa Nairobi. Vijana wanajiundia kamati yao, nje ya ile kamati ya wazee. Wanakodi spika na jenereta. Saa tatu usiku wale wa kanisa wakimaliza maombi, muziki unapanda. Halafu kunakuwa na meza, na kwa meza kuna mtu na daftari. Unataka wimbo wako upigwe unalipa. Mwingine hataki huo wimbo, analipa zaidi uzimwe. Kuna wa kulipa fulani atolewe uwanjani, na huyo fulani analipa arudi. Ni mnada, na kila shilingi inaandikwa. Asubuhi zile pesa, au tuseme kiasi fulani cha zile pesa, zinapelekwa kwa familia kusaidia jeneza ama chakula. Nimewahi kukaa na hiyo meza mpaka saa nane usiku, nikaona kijana anayefanya vibarua vya boda anatoa mia mia yake kwa ajili ya mama ya rafiki yake aliyelala kwa jeneza ndani, na nikaona huyo huyo saa tisa amelewa hajui yuko wapi. Vyote viwili ni kweli na usikubali mtu akuambie kimoja tu.

Kwa sababu ubaya upo na ni mkubwa. Wasichana wa shule wanatoka kwao usiku wakisema wanaenda kukesha na wanarudi na mimba, wengine wameshikwa kwa nguvu huko kwa migomba na kesi ikamalizwa na wazee chini ya mti kwa mbuzi, jambo ambalo mimi naliita uhalifu. Serikali imezipiga marufuku hizi disko mara nyingi, machifu wanazunguka wanachukua spika. Wakati wa korona ndio zilinyamaza kidogo, si unakumbuka mikesha ilikatazwa, 2021 ikawa lazima mtu azikwe ndani ya saa 72, watu wanahesabiwa getini. Halafu zikarudi. Zikarudi kwa sababu hakuna aliyewapa vijana kitu kingine cha kufanya usiku huo, alichofanya kila mtu ni kukataza.

Mimi msimamo wangu ni huu na wachungaji wengine hawaupendi: toa pombe, toa watoto wa shule, zima saa nne, halafu wape hao vijana hao hao maikrofoni. Si wacheze, waseme. Kesha ya mazishi ni usiku mzima, saa ngapi hizo, na mzee amekufa na watu thelathini wanaomjua vizuri wako hapo kwa moto wanasinzia. Nimeona boma moja karibu na Mudete wakijaribu, mjukuu na simu yake anashikilia tochi, mzee anasimulia vile yeye na marehemu walitembea kwa mguu mpaka Kisumu kutafuta kazi, vijana wanauliza maswali, wanacheka, mzee akikwama kwa Kiswahili anarudi kwa Kimaragoli na hakuna anayemwambia atafsiri. Saa sita usiku bado watu walikuwa wamejaa. Dijei alikuwepo pia, alikuwa anaweka wimbo kati ya msemaji na msemaji. Hiyo ilikuwa disko ama ilikuwa mila? Mimi sikuuliza, nilikuwa nakula mrenda.

Sasa turudi kwa lugha, kwa sababu hapo ndipo utaona kwa nini nimezunguka hivi. Kimaragoli chetu kimebakiza mahali pachache ambapo lazima kitumike chote, si salamu tu. Nyumbani watu wanachanganya na Kiswahili, shule ni Kiingereza, na sisi wa zamani tulikuwa tunavalishwa kipande cha mbao ukikutwa unaongea lugha ya mama, unakaa nacho shingoni mpaka umkamate mwenzako akiteleza, jioni wa mwisho anachapwa. Kizazi kizima kilifundishwa kupeleleza lugha yake. Siku hizi katiba ya 2010 inasema lugha za asili zikuzwe na zilindwe, na ule mtaala mpya umeziweka kwa madarasa ya chini, vizuri, lakini mtoto wa Kangemi hakutani nazo. Kwa hivyo mahali palipobaki ni kanisani kijijini na matangani. Matangani ndipo unasikia maneno ya ujamaa yote, nani anaitana nani, ndipo unasikia majina ya miti na majina ya mashamba, methali, mzaha wa wajukuu kwa guga wao, ndipo mtu mzima anasimama na kujenga hoja ndefu bila neno la kigeni.

Na ni hapo hapo ndipo sisi tunachomoa ile karatasi ya kung'aa.

Kila mwaka tarehe 26 Desemba kuna tamasha la utamaduni wa Wamaragoli pale Mbale yetu ya Vihiga, ukienda utapenda, watu wametoka Nairobi na Mombasa na ng'ambo, tisheti zimeandikwa, vyakula vya kienyeji, ngoma, hotuba za wanasiasa ambazo ni ndefu kuliko ngoma. Siipingi, mimi huenda. Lakini nimeona mtu akiwa na tisheti ya Mulogooli tarehe 26, halafu tarehe 29 kwa mazishi ya mamake mwenyewe amesoma Kiingereza kuanzia mwanzo mpaka mwisho huku amevaa miwani nyeusi. Kiburi cha lugha mimi napima hiyo tarehe 29.

Kama unataka kuona watu ambao lugha si mapambo kwao nenda Kigumba, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Kule kuna Wamaragoli ambao babu zao walihama na wakabaki, wana vijiji vyao, wanazika wafu wao kule. Wamekuwa wakidai watambuliwe kama moja ya makabila ya nchi kwa sababu jina lao halimo kwa ile orodha ya katiba ya Uganda, na mtu asiye kwa orodha anapata shida mpaka ya kitambulisho. Kwao kusema "sisi ni Valogooli" ni jambo la karatasi za serikali. Wewe uko Kangemi, unashuka matatu unakuta nusu ya stendi ni watu wa Vihiga, muuza mboga ana kunde na mnavu, na bado najua utaniambia hakuna wa kuongea naye Kimaragoli. Mwanangu, hapo sikubaliani na wewe. Nunua mboga kwa Kimaragoli. Sema mirembe, akikujibu kwa Kiswahili sema tena mirembe. Atakucheka siku tatu, ya nne atakupa za kuongeza.

Sasa lovego, ulisema ulikaa ukatoka bila kuelewa. Basi nikufungulie, kwa sababu ile siku ndiyo nzito kuliko mazishi yenyewe, watu wa Nairobi huwa wanaikosa kwa kukimbilia basi. Asili yake ni kunyoa. Siku ya tatu baada ya kuzika, wafiwa walikuwa wananyolewa nywele, na watu wa ukoo wanakaa chini, na mambo ya marehemu yanawekwa wazi. Nani anamdai, nani alikuwa anadaiwa na yeye, ng'ombe wake wako kwa nani, shamba linagawanywaje, mjane atakaa wapi na chini ya ulinzi wa nani, watoto watasimamiwa na nani. Siku hizi kunyoa kumepungua, wengine wanapitisha wembe kidogo tu, wengine wameacha kabisa na kuna maombi mahali pake, siku yenyewe pia inasogezwa kulingana na likizo za watu. Lakini ile hesabu imebaki. Na Vihiga hesabu ya shamba si mchezo, sensa ya 2019 ilipata watu karibu 590,000 kwa kaunti ambayo ni kidogo hivi kwamba inatoka zaidi ya watu elfu moja kwa kila kilomita mraba. Kuna boma kaburi liko hatua nne kutoka mlango wa jikoni kwa sababu hakuna pengine.

Kwa hivyo wakati ulikuwa unaangalia simu, inawezekana sana mtu alisimama akasema marehemu alimwachia kipande fulani, na mwingine akanyamaza, na pale kunyamaza kunahesabiwa. Wewe ni mtoto wa kike, na siku hizi sheria ya urithi inakutambua sawa na kaka zako, lakini huwezi kudai kitu kwa lugha usiyoisikia. Hiyo ndiyo sababu ya kujifunza ambayo sijaiona kwa tisheti yoyote. Ushauri wangu, piga simu kwa yule shangazi aliyenong'ona. Huyo huyo. Muulize siku ile walisema nini, mmoja baada ya mwingine, na uandike. Atafurahi kuliko vile unafikiri, na utakuwa na kumbukumbu ambayo hata babako hana. Ukimpata siku ana wakati mwombe akurudie kwa Kimaragoli polepole na umrekodi kwa simu, mwambie kabisa unamrekodi, usifanye kwa siri.

Limebaki la msalaba. Mafundi wa huku wengi wamezoea maneno mawili ya Kiingereza, lile la jua kuchomoza na lile la jua kuzama, yamenakiliwa kutoka kaburi hadi kaburi. Hamlazimiki. Kwanza jina. Usichukue lile la kitambulisho bila kuuliza, kwa sababu makarani wa zamani waliandika walichosikia, v zikawa b, l zikawa r, majina yakavunjika. Nenda ukae na guku, mwambie ataje jina la mzee wake, lote, pamoja na lile aliloitwa akiwa kijana, usikilize mara mbili, kisha uandike hivyo. Chini yake weka yivulwa na mwaka, alizaliwa, halafu chini weka yakuza na mwaka. Ni maneno mawili mafupi, saruji ikiwa mbichi fundi anayachora dakika tano. Fundi akikuambia umekosea, ati kukuza ni kufanya kitu kikubwa, mwambie asome vile imeandikwa, na guku awe amekaa hapo karibu.